Hakuna Kadi ya Kurudisha: Maswali Yenu Kuhusu Kuvuka Chama Kwenye Uchaguzi wa Rais Marekani

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wasomaji wanaoishi Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu wa chama hiki akitaka kumpigia mgombea wa chama kile, anaruhusiwa? Atajulikana? Kura itahesabiwa? Tumefupisha maswali na kuondoa majina.

Kwenye mchujo hapa Ohio nilichukua karatasi ya Republican kwa sababu ya mgombea mmoja wa kaunti niliyemtaka. Jirani anasema nimeshakuwa Mrepublican na Novemba nitanyimwa karatasi ya upande wa pili, yaani Democratic. Ni kweli?

Jirani amekosea, ingawa kuna kipande cha ukweli alichoshika. Mchujo ni kura ya kila chama kumteua mgombea wake; Novemba ndio uchaguzi mkuu, na hapo hakuna karatasi ya upande. Karatasi ni moja, wagombea wa vyama vyote wamo, unamjazia unayemtaka, na mashine inayosoma kura haijui jina lako.

Kipande cha ukweli ni hiki: Ohio hujazi chama unapojiandikisha. Unahesabiwa kuwa wa chama fulani kwa karatasi uliyoiomba siku ya mchujo, na kumbukumbu hiyo iko wazi kwa umma. Timu za kampeni huichukua, ndiyo maana tangu siku ile sanduku lako la barua linajaa vipeperushi vya upande mmoja. Watu huchanganya mambo matatu: kwamba umejiandikisha, karatasi uliyochukua kwenye mchujo, na jina ulilolijazia. Mawili ya kwanza mtu anaweza kuyasoma. La tatu halimo popote.

Neno “chama” lenyewe ndilo linalotupotosha. Kule mpiga kura wa kawaida hana kadi, halipi ada, wala hana tawi la kumwita ajieleze. Hakuna cha kurudisha.

Niko Pennsylvania, nimejiandikisha bila chama. Nataka kushiriki mchujo wa rais. Nifanye nini?

Kwa hali uliyonayo sasa utakuta mlango umefungwa. Pennsylvania, kama New York na Florida, mchujo ni wa waliojiandikisha na chama husika tu. Wewe usiye na chama utapewa maswali ya kura ya maoni (mapendekezo yanayoamuliwa na wapiga kura wote) kama yapo, basi. Jaza upya fomu ya kujiandikisha, weka alama kwenye chama unachotaka, uiwasilishe angalau siku 15 kabla ya mchujo. Florida wanataka siku 29. New York ndiyo inayoumiza wengi, kwa sababu mabadiliko ya chama lazima yafike kufikia Februari 14; ukichelewa, yanawekwa kiporo hadi mchujo wa Juni upite. Thibitisha tarehe kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako, maana mabunge ya majimbo hupenda kuzigusa sheria hizi.

Kwingineko mambo ni mepesi. Texas, Georgia, Virginia, Wisconsin na Michigan hazina kabisa sehemu ya chama kwenye daftari la wapiga kura. Unachagua mchujo mmoja unapopiga kura. Minnesota kuna jambo wageni hawalitarajii: kwenye mchujo wa rais unaomba karatasi ya chama fulani, unathibitisha kwamba kwa jumla unakubaliana na misingi yake, na orodha ya majina na chaguo hilo la chama hupelekwa kwa viongozi wa vyama. New Hampshire asiye na chama huchukua karatasi yoyote kati ya mbili. Kwa kitendo hicho anaandikwa mwanachama, kisha akitaka anajaza kikadi pale pale mlangoni anapotoka na kurudi alikokuwa. Hapo ndipo utaona kitu kinachofanana kidogo na kurudisha kadi!

Kikundi chetu cha WhatsApp kinahimiza tuvamie mchujo wa wapinzani, tumpigie mgombea wao dhaifu ili Novemba kazi iwe rahisi. Ni halali? Inafanya kazi?

Panapokuwa na mchujo wa wazi, usiodai uwe umejiandikisha na chama hicho, kwa kawaida ni halali. Kufanya kazi ni suala jingine. Mwaka 2008 mtangazaji wa redio Rush Limbaugh aliwahimiza Warepublican waingie mchujo wa Democratic wampigie Hillary Clinton ili ugomvi wake na Barack Obama uendelee. Obama aliteuliwa, na Novemba akashinda.

Hasara yako ni ya karibu zaidi. Kura ya mchujo ni moja. Ukiitumia kuwachezea wenzako, umepoteza sauti kwenye mchujo wa chama chako, ambako makamishna wa kaunti, wabunge wa jimbo na, kwa baadhi ya majimbo, majaji huamuliwa. Texas inauma mara mbili: ukichukua karatasi ya chama kimoja Machi, huwezi kuingia duru ya pili ya chama kingine mwezi Mei. Na mgombea “dhaifu” akishaipata tiketi, ana nafasi halisi ya kuwa rais wako.

Nataka kumpigia rais wa chama kimoja na seneta wa kingine, hapa Michigan. Naogopa kura yangu itaharibika.

Swali hili tunalipa nafasi zaidi, kwa sababu hofu yako ina msingi, ila ni ya uchaguzi mwingine.

Novemba, juu kabisa ya sehemu ya vyama, Michigan wanaweka kiduara cha kura ya chama kizima. Ukikijaza, umewapigia wagombea wote wa chama hicho kwa alama moja. Kiduara hicho hukulazimiki kukigusa. Ukikiacha wazi na kujaza nafasi moja moja, unachanganya upendavyo. Ukikijaza kisha ukaenda kwenye useneta ukamjazia mtu wa chama kingine, alama ya mtu ndiyo inayoshinda kwa nafasi hiyo. Nafasi nyingine zinabaki kwa chama ulichojaza juu.

Yanayoharibika ni haya. Ukijaza vyama viwili kwenye sehemu ile ya juu, sehemu hiyo haihesabiwi, zinabaki alama za mtu mmoja mmoja tu. Ukijaza majina mawili kwa nafasi ya mtu mmoja, nafasi hiyo imekwenda na maji, lakini karatasi nyingine yote iko salama. Nafasi zinazochagua watu wawili, kama bodi za vyuo vikuu vya jimbo, ndizo zinazokanganya anayechanganya. Kwa hizo usitegemee kiduara cha juu, jaza majina yote mwenyewe. Kosa la kimya kuliko yote ni la anayejaza chama kizima akaondoka. Majaji na maswali ya kura ya maoni hawamo kwenye kura ya chama. Wako mbele zaidi, mara nyingi nyuma ya karatasi. Geuza.

Ukipiga kura kituoni, mashine itakuonya ikiwa umezidisha alama. Usione haya kuomba karatasi nyingine; ya kwanza itafutwa. Wisconsin, kwa mfano, unaruhusiwa hadi karatasi tatu kwa jumla. Anayepiga kwa posta hana mashine ya kumwonya, kwa hiyo asome mara mbili kabla ya kufunga bahasha.

Hofu yako inahusu mchujo wa Agosti. Hapo vyama vinapangwa kwa safu kwenye karatasi moja, na ukivuka kutoka safu hii kwenda ile, sehemu yote ya vyama haihesabiwi. Wanaojifunza kanuni hii Agosti huibeba hadi Novemba, wakaogopa bure.

Na usidhani uko peke yako. Mwaka 2016 kila jimbo lililochagua seneta lilimpa ushindi mtu wa chama kile kile kilichoshinda urais pale, ikasemwa kura ya kuchanganya imekufa. Mwaka 2020 Maine ikamchagua Joe Biden wa Democratic kwa urais na Susan Collins wa Republican kwa useneta. Mwaka 2024 Donald Trump wa Republican alishinda Michigan, Wisconsin, Nevada na Arizona, na katika majimbo hayo hayo viti vya Seneti vikachukuliwa na Wademocrat: Elissa Slotkin, Tammy Baldwin, Jacky Rosen na Ruben Gallego. Si kwamba wote waliochanganya walivuka moja kwa moja. Wengine walijaza rais wakaacha sehemu nyingine wazi. Lakini tofauti zilikuwa ndogo kiasi kwamba hata wachache walitosha.

Mgombea wa chama changu simtaki, wa upande wa pili moyo unasita. Nikikaa nyumbani, au nikimpa wa chama cha tatu, si ni sawa tu?

Kwa hesabu, si sawa. Tuseme mgombea wako anaongoza kwa kura 20,000. Watu 10,001 wakihama kutoka kwake kwenda kwa mpinzani, ameshindwa, kwa sababu kila mmoja anapunguza upande mmoja na kuongeza mwingine. Wakikaa nyumbani, wanahitajika 20,001. Kwenda chama cha tatu ni kama kukaa nyumbani, kwa nafasi hiyo moja.

Mfano wa kweli ni Florida mwaka 2000. George W. Bush wa Republican alimshinda Al Gore wa Democratic kwa kura 537. Watu 269 tu kuvuka wangeligeuza jimbo, na urais pamoja nalo. Ralph Nader wa chama cha Green alipata kule zaidi ya kura 97,000.

Tahadhari nyingine: jina laweza kubaki kwenye karatasi baada ya mwenyewe kujitoa. Robert F. Kennedy Jr. alisimamisha kampeni Agosti 2024 na kumuunga mkono Trump, lakini Michigan na Wisconsin jina lake likabaki. Kura alizopata hazikuhamishiwa kwa Trump.

Wanasiasa wakubwa wakivuka jukwaani, wanavuta watu?

Kidogo kuliko kelele zake. Zell Miller, seneta wa Democratic kutoka Georgia, alihutubia mkutano mkuu wa Republican mwaka 2004. Georgia ilikuwa ya Bush tayari. Joe Lieberman, aliyekuwa mgombea mwenza wa Gore mwaka 2000, alimpigia debe John McCain wa Republican mwaka 2008, na McCain akashindwa. Oktoba 2024 Liz Cheney, aliyekuwa mbunge wa Republican, alisimama na Kamala Harris, mgombea wa Democratic, mjini Ripon, Wisconsin, mahali panapotajwa kuwa chimbuko la chama cha Republican mwaka 1854. Harris alilipoteza jimbo kwa takriban kura 29,000. Huwezi kupima wangapi wangepungua bila Cheney, lakini mvukaji wa namna hii humfaa yule aliyekwisha kuamua na anatafuta ujasiri wa kulisema. Asiyeamua hamwoni shujaa. Anamwona mtu aliyekosana na wenzake.

Shemeji yangu na mimi tuko vyama tofauti, na kila mdahalo wa televisheni unaishia kwa mtu kuondoka mezani. Naweza kumvuta bila kugombana?

Kwanza acheni kutazama mdahalo pamoja. Mdahalo ni dakika 90 za kushangilia timu, na mtu aliyeshangilia mbele ya watoto na wakwe hawezi kubadili msimamo usiku huo huo. Subiri siku mbili tatu, mkiwa wawili tu.

Chukua jambo moja, gharama ya matibabu kwa mfano, usitaje chama. Muulize kutoka 0 hadi 10 anaunga mkono kwa kiasi gani pendekezo fulani. Akisema 3, usimuulize kwa nini si 8. Muulize kwa nini si 0. Hapo ataanza kutoa hoja zako kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha muulize ni nani anayemjua aliyeguswa na jambo hilo, nyamaza, msikilize hadi mwisho, nawe utaje wako. Mwishoni rudia lile swali la namba. Ikitoka 3 ikawa 4, shukuru Mungu, funga mjadala, mnywe chai.

Panapoharibika ni pawili. Takwimu zikitangulia, anajibu kwa takwimu zake na mmerudi kwenye mdahalo. Na ukisema “nyinyi Warepublican” au “nyinyi Wademocrat”, umemlazimisha ajibu kama msemaji wa chama. Tena usimwombe ahame. Kwenye karatasi ya Novemba kuna nafasi nyingi, na mtu anayeapa hatavuka kwa rais huweza kuvuka kwa gavana. North Carolina 2024 ilimpa Trump urais na Josh Stein wa Democratic ugavana.

Wajumbe 538 wanaomchagua rais, wao wanaweza kuvuka?

Walijaribu. Mwaka 2016 wajumbe saba walipiga kura za urais nje ya mgombea wao; watatu wa jimbo la Washington, Wademocrat, walimpa Colin Powell, Mrepublican. Julai 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba jimbo linaweza kumwadhibu au kumwondoa mjumbe wa namna hiyo. Mwaka huo hakuvuka hata mmoja.

Nina kadi ya ukaazi wa kudumu, bado si raia. Naweza kupiga kura ya rais?

Hapana. Ni kosa la jinai na linaweza kukufukuzisha nchini, hata kama karani wa leseni ya udereva ndiye aliyekupa fomu ya kujiandikisha. Irudishe bila kujaza. Kujitolea kwenye kampeni bila malipo unaruhusiwa, na kuchangia fedha pia, kwa chama chochote kati ya viwili au vyote.