Vifaranga wanafia ndani ya ganda

SWALI: Shikamoo Mama. Niko Makorora, Tanga. Nina mashine ndogo ya kutotolesha mayai 56, ya umeme, yenye feni. Joto nimeweka 37.5 na halichezi. Aliyeniuzia alisisitiza trei za maji zisikauke hata siku moja, nami nimefuata. Lakini siku ya 21 wanatoka wachache. Wengine wanatoboa ganda na kufia hapo hapo. Nikipasua nawakuta wakubwa, wamelowa utelezi. Jirani anasema niwe nanyunyizia mayai maji. Nifanyeje?

JIBU: Marhaba mwanangu, na pole. Kifaranga aliyefia mlangoni anauma kuliko yai viza.

Huyo uliyemkuta na utelezi hakukosa maji, yamemzidi. Yai likiwa kwenye joto linatakiwa kupoteza maji kupitia vitundu vya ganda, hadi siku ya 18 liwe limepungua uzito kwa asilimia 11 hadi 13 hivi. Nafasi inayoachwa inajaa hewa upande ule butu, na humo ndimo kifaranga anamovutia pumzi ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Maji yasipotoka, hewa inakuwa kidogo, mtoto anajaa yai zima na hawezi kujizungusha akate ganda.

Ushauri wa muuzaji ungemfaa mtu wa Lushoto. Kule hewa ni ya baridi, inabeba maji machache, na ikipashwa moto mashineni inakauka sana. Sisi wa mjini Tanga bahari iko mlangoni. Chukua siku ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80: hewa hiyo ikipashwa hadi 37.5 inabaki na unyevu wa kama asilimia 47, na trei hujatia hata tone! Siku 18 za mwanzo tunataka 45 hadi 55.

Basi awamu ijayo anza na trei kavu, usome kipimo cha unyevu. Kikikaa chini ya 45, jaza mfereji mmoja tu. Kinachopandisha unyevu ni upana wa maji, si kina: sahani yenye maji kidogo inaushinda mtungi uliojaa. Na matundu ya hewa usiyazibe kamwe, vifaranga wanapumua.

Kipimo chenyewe kijaribu kwanza. Tia chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, idondoshee maji ilowe tu bila kuyeyuka yote, kisha uifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa mpaka asubuhi. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 82, kila mara toa 7. Kama cha mashine hakichomoki, tafuta kingine kidogo cha kuweka ndani.

Hata hivyo mimi naliamini yai kuliko kipimo. Penseli yangu nimeifunga kwa uzi kwenye mpini wa mashine: siku ya 7, ya 14 na ya 18 nazima taa, namulika kwa tochi ya simu, nachora mstari pale hewa inapoishia. Mistari mitatu ishuke kwa kuachana vizuri. Ikibanana, maji yamezidi. Ikishuka haraka mno, yamepungua. Mwenye mizani ya jikoni apime mayai 10 pamoja: yakianza na gramu 420, siku ya 9 yawe kama 395, na siku ya 18 kama 370.

Siku ya 18 mambo yanageuka. Acha kugeuza mayai, jaza trei zote, unyevu upande hadi 65 au 70, kwa sababu ganda likishatobolewa ule utando wa ndani ukikauka unamkaba mtoto. Funika, usifungue tena. Tangu kutoboa hadi kutoka inaweza kuchukua saa 12 hadi 24, na najua mikono itakuwasha. Ivumilie, maana kila ukifunua mvuke wote unatoka.

Kunyunyizia achana nako. Labda jirani ameona kwa wafugaji wa bata; mayai ya kuku hayahitaji, na yako ndiyo kabisa.

Awamu ikiisha niandikie uzito wa siku ya kwanza, ya 9 na ya 18, pamoja na mwezi uliototolesha, maana masika na kaskazi hazitoi namba moja.