Roti jala: kwa nini nyuzi zinaungana?

SWALI: Asalaam aleikum, mpishi. Mume wangu aliila roti jala Malaysia, ile mikate myembamba ya wavu inayoliwa na kari ya kuku, na sasa anaitaka kwenye futari. Nimetoboa kopo la plastiki. Rojo likiwa zito, matundu yanaziba. Nikiongeza maji, nyuzi zinaungana, napata chapati za maji tu. Nakosea wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Acha kwanza kuongeza maji. Kuziba na kuungana ni matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Matundu huzibwa na madonge ya unga, ute wa yai usiovunjika vizuri, au machicha yaliyopenya kwenye tui. Chukua unga wa ngano gramu 250, yai moja, tui zito mililita 250 na maji kiasi hichohicho, chumvi kijiko cha chai na manjano nusu kijiko. Piga mpaka rojo lilainike, lichuje kwa chujio la matundu madogo, kisha liache nusu saa. Tafadhali usiiruke nusu saa hiyo: unga unakunywa maji na povu linatulia. Baada ya hapo, rojo likiwa bado zito, ongeza maji kijiko kimoja kimoja mpaka lichuruzike kutoka kwenye upawa bila kukatika.

Kuhusu kuungana, kitazame kifaa cha Wamalay wenyewe. Ni kikombe cha shaba, siku hizi hata plastiki, chenye vimidomo vilivyochomoza chini, mara nyingi vitano. Vina kazi kubwa. Tundu likiwa bapa, rojo hutambaa kwenye kitako cha kopo na michirizi hukutana kabla ya kufika kikaangoni. Kama huna kikombe hicho, tumia chupa laini ya tomato sosi yenye mdomo mwembamba. Utakwenda polepole kidogo, lakini uzi utatoka safi.

Halafu moto, ambao naushuku kuliko vyote. Kikaango kikiwa baridi, rojo husambaa kabla ya kuganda. Kikiwa cha moto mno, nyuzi hukauka na kukatika unapokunja. Weka moto wa wastani, ukipake kikaango mafuta kwa kitambaa, kingʼae tu. Mafuta mengi huzifanya nyuzi ziteleze. Zungusha mkono haraka kwa miduara inayopandana, maana wavu hushikana pale nyuzi zinapokutana.

Usigeuze. Nyuzi ni nyembamba, juu huiva kwa mvuke ndani ya dakika moja hivi. Ikunje ingali ya moto, mara mbili kwa pembe au uiviringishe, na uifunike kwa kitambaa isikauke. Kari yenyewe iache na mchuzi wa kutosha. Kari kavu haitaingia kwenye matundu hayo uliyoyahangaikia.