Umenitumia Picha ya Kichwa, Mimi Nataka ya Tela

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili na picha ya kichwa cha lori nimeiona. Kampuni mbili zimekuita kazini, uwaendeshee malori. Ya kwanza ina Scania mpya zilizopangwa mstari mmoja, zinang'aa. Ya pili ina mchanganyiko wa DAF na MAN ambazo barabara imeshazila miaka kadhaa. Malipo hayapishani sana. Kisha unauliza, "Mama, chapa ya gari niipe uzito gani?" Najua kwa nini hukumwuliza baba yako. Yeye angejibu kwa neno moja, nalo lingekuwa Volvo.

Mimi sijawahi kuendesha lori hata siku moja. Lakini nimekaa miaka 22 kwenye dirisha la stoo ya spea, na dirisha lile lina mambo yake. Dereva hulijua gari kwa usukani, mtu wa stoo hulijua kwa leja. Kila filta, kila mpira wa kupitisha upepo wa breki, kila seti ya lainingi za breki ilipita mikononi mwangu ikiandikiwa namba ya gari, tarehe na saini. Nitakujibu nikiwa upande ule wa dirisha.

Kwanza niipe chapa haki yake. Lori kwako si chombo cha kazi tu, ni chumba cha kuishi. Sheria za Ulaya zinamruhusu dereva kuendesha saa 9 kwa siku, naye akitimiza saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Marekani anaweza kufika saa 11. Ongeza na usingizi unaoulala nyuma ya siti hiyo hiyo. Siti ya upepo iliyo nzima na siti iliyokufa utazijua tofauti yake uzeeni, mgongo ukianza kudai. Asikwambie mtu kwamba kutaka kebini nzuri ni majivuno ya vijana.

Ila starehe hiyo haitoki kwenye chapa, inatoka kwenye oda. Scania ile ile huuzwa ikiwa na kebini fupi isiyo na kitanda, au kubwa unayosimama wima ndani yake. Ikiwa na ritada ya kukusaidia kwenye mteremko mrefu, au bila. Springi za chuma nyuma, au za upepo. Anayechagua ni tajiri mwenye gari, na akibana matumizi, anayebanwa ni dereva. Kwa hiyo kujua kwamba ni Scania bado hujajua kitu. Panda ndani, kaa, lala kitandani na viatu uvivue, uliza kama ina ritada.

Halafu chapa zenyewe zina undugu kuliko zinavyoonyesha. Scania na MAN, ulizozigombanisha kwenye ujumbe wako, ziko chini ya kundi moja la Traton. DAF ni ya PACCAR, wenye Kenworth na Peterbilt. Mack na Renault Trucks wamo nyumba moja na Volvo (hilo usimwambie baba yako). Ukishuka hadi kwenye spea undugu unazidi. Giaboksi za ZF zimefungwa kwenye MAN, kwenye DAF na kwenye Iveco. Vali za breki za WABCO na Knorr-Bremse nilikuwa nazitoa rafu moja kwa magari ambayo madereva wake walikuwa wakitaniana mchana kutwa, huyu akisema gari la mwenzake ni bati.

Nilipokuwa kazini yaliingia magari mawili wiki moja, chapa moja, modeli moja, namba zimefuatana. La kwanza alipewa mzee mmoja ambaye kabla ya kila safari alikuja dirishani na karatasi yake: taa ya nyuma kushoto, mpira wa upepo umeanza kuchubuka, grisi. Mafundi walikuwa wakimkimbia. La pili halikuwa na mwenyewe, leo dereva huyu, kesho yule. Baada ya miaka minne kurasa za gari la mzee zilikuwa zimejaa vitu vidogo vidogo. Za lile la pili zilikuwa tupu, tupu, kisha giaboksi, kisha tupu tena, kisha difu. Mgeni akifika getini angeona magari mapacha.

Na ni hilo la pili lililonifanya nikuandikie barua badala ya kukupigia simu.

Unajua breki ya kuegesha ya lori inavyofanya kazi: springi ndiyo inayobana, upepo ndio unaoiachia. Upepo ukitoroka, springi inabana na gurudumu linakataa kuzunguka. Waliobuni walitaka iwe hivyo makusudi, gari lisilo na upepo lisitembee. Jioni moja dereva wa gari lile alikuja kuomba busta ya breki ya tela, kile kikopo chenye springi hiyo ndani. Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeiombea fedha mwezi uliotangulia na karatasi ikanirudia imeandikwa "subiri". Basi fundi akaamriwa airudishe springi nyuma kwa bolti yake na kuuziba mpira wa upepo, gurudumu lizunguke, mzigo unasubiriwa. Maana yake gurudumu hilo halina breki tena. Dereva akakataa kuondoka.

Hakufukuzwa. Walimwacha benchi tu. Wiki mbili hakupangiwa safari, na kwa kuwa malipo yalikuwa kwa safari, wiki mbili hakuingiza kitu. Gari alipewa kijana mwingine, akaenda, akarudi salama, na kwa sababu alirudi salama ule mtindo ukaendelea. Kichwa cha lori lile kilikuwa cha chapa ambayo wewe ungesimama mbele yake upigwe picha.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujauliza wanaendesha gari gani, uliza dereva akiandika kasoro nini kinatokea. Usimwulize bosi, atakwambia usalama ni kwanza. Waulize madereva, nao usiwaulize kama magari ni mazuri. Mwulize mmoja: mara ya mwisho uliripoti nini, na kilitengenezwa baada ya siku ngapi? Mwulize kama kuna mtu aliwahi kukataa safari kwa sababu ya gari, na kesho yake alipangiwa nini. Wakitazamana kabla ya kujibu, umeshajibiwa.

Uliza pia gari likilala gereji unalipwa nini. Hapa chapa inarudi kwa mlango wa nyuma, kwa sababu kama unalipwa kwa safari au kwa kilomita, spea inayochelewa inakula mfukoni mwako. Gari ambalo njia yako yote ina mafundi wanaolijua lina faida kuliko lile la kifahari ambalo taa ya injini ikiwaka lazima usubiri mwenye kompyuta yake. Haya mapya yenye mfumo wa AdBlue, ile dawa ya kusafisha moshi, yana adabu kali: mfumo wa moshi ukipata hitilafu, gari lenyewe linapunguza nguvu, unabaki unatambaa mlimani na mzigo wako. Si ubovu, limetengenezwa hivyo. Likiwa ndani ya waranti na lina mkataba wa matengenezo, unapiga simu wanakuja. Hizo Scania zao zina mkataba? Unaisha lini? Tajiri anayenunua mapya na hakupanga nani atayatunza, baada ya miaka michache atakuwa na yadi kama ile niliyoiacha mimi.

Na nani kakwambia utapewa hiyo mpya? Mara nyingi mpya huenda kwa wenyeji, na mgeni hurithi lile walilolishuka. Waombe wakuonyeshe gari lenyewe utakalokabidhiwa, kwa namba yake. Wakisema tutaona ukishaanza, usinitumie tena picha za Scania.

Ukienda yadini, usianzie mbele. Anzia kwenye tela. Hakuna dereva anayejisifia chapa ya tela, na tajiri anajua hivyo, ndiyo maana fedha zikipungua tela ndilo la kwanza kunyimwa. Inama uangalie matairi ya ndani, si ya nje tu, vipara hufichwa ndani. Tazama taa, mipira ya upepo, na busta moja moja kama kuna iliyofungwa bolti. Kisha mwombe dereva ajaze upepo, azime injini, akanyage breki aishikilie dakika moja, nawe utazame geji ya upepo. Kwenye majaribio ya leseni Marekani, lori lenye tela likipoteza zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kwa dakika hiyo limefeli. Hata bila geji, yadi ikiwa kimya utausikia upepo unapotorokea.

Huenda Scania wakafaulu yote haya. Nitafurahi, kwa sababu kebini yao nimeipenda hata mimi. Huenda pia hawa wenye DAF zilizochoka wana mtu kama yule mzee wangu kwenye kila gari, na stoo isiyorudishiwa karatasi. Kutoka kwenye picha siwezi kujua.

Nenda kesho kutwa, yadi zote mbili. Nitumie picha ya tela, upande wa chini. Na kama kuna dirisha la stoo, pita umsalimie anayekaa pale, umwulize leo ametoa nini.

Mama yako