Ukiulizwa "sasa hapo cha kuchekesha nini?"

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kufundisha Kiswahili watu ambao hawajakua nacho, maana kuna ishu itawakuta mapema tu, umetoa kichekesho, wanaoijua lugha wanavunjika mbavu, mwanafunzi wako kakukodolea macho anasubiri umweleze. Tafadhali usimwambie "achana nayo, hutaelewa". Hapo hapo ndo kuna somo zuri kuliko kurasa nyingi za sarufi, mi naamini hivyo kabisa.

Chukua hiki. Daktari anampa mgonjwa kidonge anamwambia "meza". Mgonjwa anaangaza chumba kizima, anajibu "daktari, meza siioni, hapa kuna kiti tu".

Usianze na "meza ina maana mbili". Anza na jibu la mgonjwa, uliza huyu anatafuta nini? Ataambiwa na akili yake kwamba ni fanicha. Haya, na daktari alitaka nini? Akishazitaja zote mbili kwa mdomo wake mwenyewe mara nyingi kicheko kinakuja, kimechelewa ndio lakini ni chake, ukimwahi na maelezo unamnyang'anya.

Kama hata wewe hujui neno gani limebeba utani, badilisha moja moja. Weka "kunywa" badala ya "meza", si dawa tunakunywa pia, utani umekufa palepale, basi ndo neno lenyewe hilo. Afu cheza na umbo, daktari akisema "umeze" au "mezeni" hamna tena cha kucheka, kwa sababu kumeza kunagongana na meza ya kuandikia kwenye amri ya mtu mmoja tu, pale kitenzi kinapobaki hakina kiambishi chochote. Vichekesho vingi vya aina hii vinaishi kwenye amri, "kaa" nayo ni hivyo hivyo, huyu anaambiwa akae yeye anamtafuta kaa wa baharini.

"Panda mti" ni kali zaidi. Mwalimu kasema pandeni miti, kurudi anakuta darasa zima liko juu ya matawi, na hii haiharibiki hata ukibadilisha wakati, nimepanda, nitapanda, mti umepandwa, zote bado hujui ni mche au ni kukwea. Kwa wanaoanza mi huwa naanza na hii.

Ngeli nazo zichungeni sana, ndo zinazotoa siri. "Umeona paa?" inaweza kuwa ya nyumba au mnyama, ila ukisema tu "limetoboka" au "ametoroka" mchezo umeisha, kwa hiyo unaposimulia chelewesha hiyo kauli mpaka mwisho. Na vingine ni vya kusoma tu, "barabara" ya kupita mkazo uko silabi ya pili toka mwisho kama kawaida, ile ya maana ya sawasawa mkazo unarudi nyuma silabi moja, kwenye karatasi zinafanana ila mdomoni masikio yanazitenganisha.

Mwisho watakuuliza kumeza na meza vinahusiana vipi. Havihusiani, fanicha tuliichukua kwa Wareno, kitenzi ni chetu cha Kibantu, yamekutana tu. Mwambie hivyo hivyo, usimtungie stori ya vidonge kuwekwa mezani, maana ataibeba na kwenda kuwafundisha wenzie.