Kichwa upande mmoja tu na skani iko safi, sasa naumwa nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mdada wa miaka 38, kichwa kinaniuma upande wa kulia tu tangu mwaka jana na hakijawahi kuhamia kushoto hata siku moja. Kinaanzia nyuma ya jicho kinapanda mpaka juu ya sikio, naamka nacho nalala nacho, sio kikali muda wote yaani kipo kipo tu, ila kuna saa kinapanda mpaka nashindwa kukaa sehemu moja, jicho la kulia linatoa machozi lenyewe na pua ya upande huo inaziba. Nilianzia kwa mtu wa macho akanipa miwani, wa meno akang'oa jino la mwisho, nikaambiwa ni sainasi nikamaliza dozi za antibayotiki, mwisho nikapiga CT skani ya kichwa ikaja safi na daktari akasema huna kitu dada, ni stresi, punguza mawazo. Sasa sina kitu vipi na kichwa kinapasuka? Dawa za maumivu nameza karibu kila siku, zinatuliza kidogo afu kinarudi. Nipime nini kingine? Naogopa nisije kuwa na uvimbe ambao haujaonekana.

JIBU: Marahaba dada, na pole sana, maana kuambiwa huna kitu wakati unaumwa kunachosha kuliko hata maumivu yenyewe.

Tuanze na hiyo skani. Majibu kuwa safi ni habari njema kweli, ila yamejibu swali moja tu, kwamba hakuna uvimbe mkubwa wala damu iliyovuja. Magonjwa mengi ya kichwa, kipandauso (migraine) kikiwemo, hayaonekani kwenye picha wala kwenye damu, yanatambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa basi. Kwa hiyo kabla ya kipimo kingine unahitaji daktari wa kukaa akakuuliza vizuri, ikiwezekana daktari wa mishipa ya fahamu. Na stresi, nikwambie ukweli, inaweza kuchochea maumivu ya kichwa, ila haifanyi jicho moja litoe machozi na tundu moja la pua lizibe, hapo mwenzangu aliharakisha.

Watu wengi wakisikia upande mmoja wanarukia kipandauso. Inaweza ikawa, lakini kipandauso kisipotibiwa kinakaa saa 4 hadi 72 kisha kinaondoka, kichwa kinapwita, kichefuchefu, mwanga na kelele vinakera, mtu anataka alale gizani asiguswe, na kwa wengi leo kinashika kulia siku nyingine kushoto. Kuna kingine kinaitwa klasta, hicho kinapiga kuzunguka jicho kwa dakika 15 hadi saa 3, kikali sana, na mgonjwa hatulii kabisa, anazunguka chumba kizima. Kuna na neva ya uso ikisumbua, hiyo ni kama shoti ya umeme ya sekunde chache ukipiga mswaki au ukinawa uso. Unaona tofauti iko wapi? Wote hao wanauma upande mmoja, ila muda ndio unaowatenganisha, na wewe chako unasema hakijawahi kuondoka.

Ndio maana nakuuliza swali ambalo nataka ulijibu kwa makini kabla hujaenda kwa daktari: kuna saa hata moja ndani ya siku kichwa kinakuwa hakiumi kabisa, sifuri? Sio kimepungua, kimeisha. Maana wengi wanasema kila siku wakimaanisha mara kwa mara, na daktari naye anaandika hivyo hivyo anavyosikia. Kama ni kweli hakiondoki, kimezidi miezi mitatu, hakibadili upande, na kikipanda jicho na pua vya upande huo huo vinahusika, basi kuna ugonjwa unaoitwa hemikrania kontinua ambao lazima ufikiriwe. Ulielezwa mwaka 1984 na Sjaastad wa Norway pamoja na mwenzake Spierings. Hauwapati watu wengi na ndio maana unapitwa kirahisi. Sisemi ndio unao, sijakuona, nasema maelezo yako yanaelekea huko.

Uzuri wa huu ugonjwa ni kwamba dawa yake ndiyo kipimo chake. Inaitwa indomethasini, iko kwenye familia moja na ibuprofeni na diklofenaki, lakini hizo nyingine hazifui dafu kwa ugonjwa huu, yeye akipewa kwa dozi inayotosha maumivu yanakata kabisa, sio kupungua, kukata. Yasipokata maana yake tutafute kingine. Ila tafadhali usiende kuinunua ukajitibu, hiyo dawa inachubua tumbo na inaweza kuumiza figo, mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ujauzito ni habari nyingine kabisa, na kawaida daktari anaanza na dozi ndogo anaipandisha taratibu huku anakupa na ya kulinda tumbo.

Sasa kwa nini ulizungushwa kwa macho, meno na sainasi? Sio kwamba wote walikuwa wazembe. Kuna neva moja kubwa, ya tano kati ya zinazotoka kichwani, ina matawi matatu kila upande: moja linakwenda jicho na paji la uso, moja shavu, pua na meno ya juu, jingine taya na meno ya chini. Neva za juu za shingo nazo zinaingia kwenye kituo kile kile kimoja ndani ya ubongo, kwa hiyo kituo kikisumbuka ubongo unashindwa kujua ni nani anaita, unahisi jino, unahisi jicho, unahisi shingo. Jino zima lisilo na ubovu limeshang'olewa kwa wagonjwa wengi wa namna hii, na hao wanaojiita wa sainasi wengi ukiwachunguza unakuta ni kipandauso, maana sainasi halisi inakuja na makamasi mazito ya rangi, wakati mwingine na homa.

Halafu kuna hili la vidonge, hapa sitakubembeleza. Dawa ya kawaida ya maumivu ukiinywa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, yenyewe inaanza kuleta maumivu ya kichwa, na zile za mchanganyiko au zenye kodeini hata siku 10 zinatosha. Inawezekana una vitu viwili juu ya kimoja. Mwambie daktari idadi kamili bila aibu, asipojua hilo hata matibabu sahihi yataonekana hayafanyi kazi.

Kwa hiyo ukienda nenda na karatasi. Andika kichwa kimepanda saa ngapi, kimekaa muda gani, jicho na pua vilikuwaje, ulitaka kulala au ulishindwa kutulia, umemeza nini. Na kikipanda jipige picha ya uso na simu, macho yote mawili yaonekane, maana ukifika kliniki jicho limeshatulia na kope iliyolegea imesharudi juu, daktari anaona mtu mzima wa afya amekaa mbele yake. Hilo la uvimbe liulize pia waziwazi: CT haioni vizuri sehemu ya chini nyuma ya ubongo wala tezi ndogo ya pituitari, hivyo kwa maumivu yasiyohama upande na yenye dalili za jicho ni halali kabisa kuomba MRI, ile picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku.

Usisubiri miadi kama kichwa kitakulipukia ghafla kikafika kileleni ndani ya dakika moja, au ukapata homa na shingo ngumu, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, au kope ikashuka na mboni ikawa ndogo pamoja na maumivu mapya ya shingo. Hapo ni dharura moja kwa moja.

SWALI: Dokta habari. Mzee wangu ana miaka 71 hajawahi kuwa mtu wa kichwa, wiki hizi panja la kushoto linamuuma, akichana nywele anasema ngozi inauma, akila taya linachoka mpaka anasimama kutafuna. Juzi jicho liliona giza dakika chache likarudi. Anasema ni uzee, tusubiri kliniki ya mwezi ujao.

JIBU: Kaka, mwezi ujao hapana, mpeleke leo hii unaposoma. Kichwa kipya baada ya miaka 50, panja linalouma ukiligusa, taya kuchoka kwa kutafuna na jicho kuzimika, hiyo ni picha ya mishipa ya damu ya panja iliyovimba ndani, na ikiziba ule unaolisha jicho upofu wake kawaida haurudi, na la pili linaweza kufuata. Watampima damu, ESR na CRP, vipimo vinavyoonyesha kama kuna uvimbe ndani ya mwili, na pengine wakate kinyama kidogo cha mshipa, lakini steroidi, dawa za kutuliza huo uvimbe, huwa zinaanzishwa bila kusubiri majibu. Ukifika mapokezi usiseme mzee anaumwa kichwa, watakuweka kwenye foleni, sema jicho lake lilizimika juzi na panja linauma. Kama ana kisukari sema pia, maana dawa hiyo inapandisha sukari.