Maswali ya wasomaji: Cygwin ikigoma, usikimbilie kupiga window

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kuhusu kitu kimoja, Cygwin, na mengi yametoka kwa vijana wa vyuo vya hapa Arusha na kule Moshi ambao wanatakiwa wafanye kazi kwa amri za Unix (familia ya mifumo ya kompyuta ambayo Linux inafanana nayo) ila kompyuta walizonazo ni za Windows. Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo: ni programu ya bure inayoweka mazingira ya Unix juu ya Windows, ilianzishwa 1995 na Steve Chamberlain wa kampuni ya Cygnus ya Marekani, na moyo wake ni faili moja linaitwa cygwin1.dll (dll ni faili la kodi ambalo programu nyingi zinalitumia kwa pamoja). Programu ya Unix ikiomba kitu, hilo faili ndo linageuza ombi kuwa kitu ambacho Windows inakielewa. Kwahiyo ikigoma jiulize kwanza, tatizo liko upande wa Unix, upande wa Windows, au pale katikati wanapokutana? Maswali ya leo yote yanaanzia hapo, na hakuna hata moja lililohitaji kupiga window upya.

Swali: Shikamoo kaka. Niko Moshi, mwaka wa pili. Mwenzangu kanitumia skripti kama meseji ya WhatsApp, nikaikopi nikaibandika kwenye Notepad nikasevu. Kwake inafanya kazi, kwangu kila penye mstari mtupu inaleta "$'\r': command not found", halafu cd, ile amri ya kuingia kwenye folda, inakataa folda ambayo naiona kwa macho yangu ipo. Nimelinganisha herufi kwa herufi, zinafanana kabisa.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Unazoziona zinafanana kweli, shida ni ile moja usiyoiona. Windows ikimaliza mstari inaweka alama mbili, CR na LF, Unix inaweka LF peke yake. Bash, ile programu inayosoma na kutekeleza amri zako, ikikuta ile CR haijui kwamba ni mwisho wa mstari, inaihesabu kama herufi ya kawaida, kwahiyo mstari wako mtupu sio mtupu, una CR ndani na bash inaitafuta kama jina la amri. Na ile folda pia ni hivyo hivyo, unadhani umeandika "data" kumbe bash inasoma "data" na CR nyuma yake, na folda ya jina hilo kweli haipo. Notepad tangu 2018 inajua kufungua faili la Unix na kuliacha lilivyo, ila faili jipya unalolianzisha mwenyewe inaliandika kwa mtindo wa Windows, ndo kilichokukuta.

Hakikisha kwanza kabla ya kurekebisha:

file hesabu.sh

Ukiona "with CRLF line terminators" basi umempata. Halafu:

dos2unix hesabu.sh

Kama dos2unix haipo, sed inaweza hiyo kazi: sed -i 's/\r$//' hesabu.sh. Kuna watakaokwambia uweke tu "set -o igncr" juu ya skripti, na kweli bash ya Cygwin itanyamaza, ila hiyo opsheni iko kwenye Cygwin tu, siku ukimpelekea mwalimu kazi yako akaiendesha kwenye Linux yake inakufa pale pale. Safisha faili lenyewe.

Swali: Habari za kazi. Mimi niko Sakina, Arusha, nasimamia kompyuta za ofisi ya utalii. Kila jioni skripti ya rsync (programu ya kukopi mafaili) inakopi picha na invoisi kwenda kwenye diski ya nje. Wiki iliyopita tumebadilisha antivairasi na tangu hapo mara inafanya kazi mara inakatika, inaandika "fork: retry: Resource temporarily unavailable" na nyingine ndefu "child_info_fork::abort: address space needed by" halafu jina la dll halafu "is already occupied". Fundi tunayemtumia anasema RAM imechoka na window imeoza, tufomati. Nina wasiwasi, ile mashine ina vitu vingi.

Jibu: Nzuri mkuu, na nakuomba sana usifomati. Huo ujumbe mrefu umeshakwambia kila kitu, "address space" anayoizungumzia sio ujazo wa RAM, ni anwani, yaani sehemu kwenye kumbukumbu ambapo ile dll ilitakiwa ikae.

Iko hivi. Kwenye Unix programu ikitaka msaidizi inaita fork, na mfumo unatengeneza nakala yake kamili inayoendelea kuanzia pale pale mzazi alipofika. Windows haina kitu cha namna hiyo kwa programu za kawaida, yenyewe inajua kuanzisha programu mpya kuanzia mwanzo. Cygwin kwahiyo inalazimika kuigiza: inaanzisha programu mpya, inaisimamisha, inakopi kumbukumbu ya mzazi ndani ya mtoto, halafu inamwachia aendelee. Na ili hiyo ifanikiwe kila dll lazima ikae kwa mtoto kwenye anwani ile ile iliyokaa kwa mzazi. Ni kama kujenga nyumba ya pili kwa ramani ile ile, ukifika pa kuweka jiko unakuta mtu mwingine ameshachimba shimo lake. Fork inakufa hapo. Na kwa nini mara inafanya kazi mara haifanyi? Kwa sababu Windows haipangi vitu sehemu zile zile kila mara, siku nyingine bahati inakuwa yako.

Sasa nani kachimba shimo? Antivairasi nyingi zinaingiza dll zao ndani ya kila programu inayofunguliwa ili ziichunguze, na hizo ndo zinakalia anwani za wenzao. Watu wa Cygwin wanalijua hili miaka mingi mpaka wana orodha ya programu zinazosumbua, wanaiita BLODA, na antivairasi zimejaa humo. Wewe mwenyewe umesema ilianza mlipobadilisha, hiyo taarifa ina thamani kuliko kitu kingine chochote ulichoniandikia.

Anza hivi. Funga kila kitu cha Cygwin, teminali zote, na kama kuna huduma yake inayojiendesha nyuma kama sshd au cron isimamishe. Halafu endesha tena setup-x86_64.exe, bonyeza Next mpaka mwisho bila kuongeza kifurushi chochote, ikimaliza yenyewe inafanya kitu kinaitwa rebase, yaani inazipangia dll za Cygwin anwani upya zisigongane zenyewe kwa zenyewe. Hapo umemaliza upande wa Cygwin. Upande wa antivairasi, ingia kwenye mipangilio yake uiondolee ukaguzi folda ya C:\cygwin64, kisha uwashe mashine upya. Kama bado, ujue kuna antivairasi ambazo hata ukizizima kwa kubonyeza "disable" dll zao zinabaki zimeingia, kwahiyo kipimo cha kweli ni kuiondoa kabisa kwa muda, kuwasha mashine upya, na kuendesha rsync yako. Ikipita vizuri siku kadhaa mfululizo umeshajua, tafuteni antivairasi nyingine.

Na angalia pia kama Cygwin yenu ni ya biti 32, andika uname -m, ukiona i686 ndo hiyo. Ya biti 32 ina nafasi ndogo ya anwani kwahiyo migongano ni mingi zaidi, na ilishaachwa, toleo la mwisho kuja kwa biti 32 ni 3.3. Wekeni ya biti 64 kwenye folda yake yenyewe na hiyo peke yake inaweza kumaliza kesi.

Ukikwama kabisa, endesha hii:

cygcheck -s -v -r > cygcheck.out

Ndo ripoti ambayo hata watengenezaji wenyewe wanaiomba kwa mtu anayeripoti hitilafu. Ila kabla hujaituma kwa mtu yeyote ifungue uisome, ina jina lako la kompyuta na mazingira yako yote (environment variables), kama kuna nywila umeiweka kwenye mazingira itakuwemo humo, ifute.

Swali: Kaka mimi niko Njiro. Nikiwa ndani ya teminali ya Cygwin kila kitu safi, nikiita amri zile zile kutoka cmd, dirisha la amri la Windows, napata "cygheap base mismatch detected". Nimeiondoa Cygwin nikaiweka upya, bado.

Jibu: Kuiweka upya hakusaidii kwa sababu iliyoharibika sio hiyo yako. Kuna cygwin1.dll nyingine kwenye mashine, imekuja imejificha ndani ya programu nyingine, mara nyingi ni vifaa vya zamani vya watu wa elektroniki au programu ndogo za kukopi mafaili ambazo wenyewe hawakutaja kwamba wamebeba Cygwin ndani. Nakala mbili za matoleo tofauti zikijaribu kuongea na kuelewana zinashindwa. Fungua cmd uandike:

where cygwin1.dll

Zikitoka njia mbili, ile isiyo ya C:\cygwin64\bin ndo mgeni. Usiifute kwa hasira maana ile programu yake itakufa, we toa folda yake kwenye PATH ya Windows (orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta programu), programu yenyewe itaendelea kuipata kwa sababu iko nayo folda moja.

Swali: Za saa hizi fundi. Nimepanga bekapu kwenye Task Scheduler, ile ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe, nikiiendesha kwa mkono iko sawa, ikijiendesha yenyewe usiku naikuta imeandika "FIND: Parameter format not correct". Niko Majengo, Moshi.

Jibu: Salama. Hizo herufi kubwa za FIND ndo zinamtaja mhusika, huyo ni find wa Windows, anakaa C:\Windows\System32, kazi yake ni kutafuta maneno ndani ya mafaili na hajui lolote kuhusu find wa Unix. Usiku PATH yako haijapangwa kwa sababu bash haikusoma /etc/profile, faili linalopanga mazingira yake inapoanza. Kwenye Task Scheduler iite hivi:

C:\cygwin64\bin\bash.exe -l -c "/home/wewe/bekapu.sh"

Pale kwenye "wewe" weka jina lako. Hiyo -l ndo inayofanya isome profile. Na ndani ya skripti andika kabisa /usr/bin/find, sort nayo ina mwenzake wa Windows kwahiyo ifanyie vile vile. Ukitaka kuwaona wote wawili andika type -a find.

Swali: Mkuu kwa nini bado unawafundisha watu Cygwin wakati WSL (Windows Subsystem for Linux, njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows) ipo? Si waachane nayo tu.

Jibu: Kama mashine yako inaiweza WSL, itumie, sina ubishi. WSL ya kwanza ilikuja 2016 nayo ilikuwa inatafsiri maombi ya Linux, ya pili ya 2020 ikaleta keneli (kiini cha mfumo) ya Linux yenyewe inayokimbia kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, kwahiyo fork ni ya kweli na programu ya Linux inaingia kama ilivyo, jambo ambalo Cygwin haliwezi, kwenye Cygwin programu lazima ijengwe upya kutoka kwenye kodi yake. Ila mimi najibu watu wenye laptopu walizonunua mtumba, RAM gigabaiti 4, nyingine BIOS imefungwa huwezi hata kuwasha uwezo wa mashine pepe, na wengine bado wako Windows 7 ambayo WSL haipo kabisa, wakati Cygwin 3.4 inakubali, hiyo ndo ya mwisho kwao. Halafu kuna bando. Setup ya Cygwin ina chaguo la "Download Without Installing", mmoja anashusha vifurushi mara moja, anaviweka kwenye flashi pamoja na setup yenyewe, na hosteli nzima inaweka kwa "Install from Local Directory" bila kugusa intaneti. Kwa mwanafunzi hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Na mliohamia WSL 2 mnaoniandikia kwamba git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) ni nzito kupita kiasi, mradi wenu uko /mnt/c, yaani kwenye diski C ya Windows. Uhamishieni kwenye home ya Linux, utaona tofauti hapo hapo.

Swali: Umeme umekatika wakati setup iko katikati na betri yangu ilishakufa. Sasa gcc, ile ya kujengea programu za C, inasema kuna dll haipo. Nifute zote nianze moja? Bando limeisha. Kijenge, Arusha.

Jibu: Usifute, pole kwa umeme. Andika:

cygcheck -c | grep -v OK

Itakuletea vifurushi ambavyo havijakaa vizuri, vimeandikwa Incomplete. Fungua setup, chagua "Install from Local Directory", elekeza kwenye folda ile ile uliyoshushia mwanzo maana vilivyokwisha kushuka viko humo, kisha kwenye kila kifurushi kilichotajwa badilisha "Keep" iwe "Reinstall". Kama hata kimoja hakikushuka chote utalazimika kukishusha hicho tu, omba hotspoti kwa jirani. Halafu rudia ile amri, ukibaki na kichwa cha orodha peke yake endelea na gcc yako.