Maswali na Majibu: Jina la Ukoo la Esposito

Swali: Je, watu wote wanaoitwa Esposito ni wa ukoo mmoja?

Hapana. Jina hili linatokana na neno la Kilatini expositus, yaani aliyewekwa nje, na walipewa watoto wachanga walioachwa na wazazi wao, hasa katika mji wa Napoli, Italia. Kila mtoto aliyepewa jina hilo alianzisha ukoo wake, kwa hiyo majirani wawili wenye jina hilo wanaweza wasiwe na undugu wowote wa damu.

Swali: Watoto hao walipokewaje?

Katika ukuta wa Santissima Annunziata, nyumba ya kulelea watoto walioachwa mjini Napoli, palikuwa na tundu lenye kasha la mbao lililozunguka, ambalo Waitalia waliliita ruota. Mzazi alimweka mtoto kwa nje, kasha likazungushwa, na mtumishi akampokea ndani bila wawili hao kuonana. Mtoto aliandikwa daftarini pamoja na vitu alivyokuja navyo, kwa kuwa wapo wazazi waliotarajia kurudi kumchukua, na umaskini ulichangia kuachwa kwa watoto sawa na aibu ya kuzaa nje ya ndoa. Ruota ilifungwa mwaka 1875, lakini ugawaji wa jina lenyewe ulipigwa marufuku mapema zaidi, wakati wa mfalme wa Napoli, Joachim Murat (1808–1815), kwani lilimtangaza mwenye nalo maisha yake yote. Marufuku hiyo, nionavyo, ilichelewa mno: hadi leo hakuna jina la ukoo lililoenea Napoli kuliko hilo. Miji mingine ilikuwa na majina yake kwa watoto kama hao, kwa mfano Innocenti huko Firenze na Proietti huko Roma.

Swali: Ni kweli kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji nchini Marekani, waliwabadilishia wahamiaji majina?

Hadithi hiyo inapendwa, ila haina msingi. Kati ya mwaka 1880 na 1915 Waitalia wapatao milioni 13 waliihama nchi yao, na wengi wa waliotoka kusini walikimbia mashamba madogo, kodi na ujira duni. Maofisa wa kituo hicho cha New York, kilichofunguliwa mwaka 1892, walisoma majina katika orodha ya abiria iliyokwisha kuandikwa na kampuni ya meli. Mabadiliko mengi yalifanyika baadaye, shuleni, kazini, au kwa hiari ya wenyewe. Argentina, ambako Waitalia wengi pia walihamia, inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu Expósito ni jina la Kihispania lenye chimbuko hilohilo, na mwenye nalo huenda hana asili ya Italia kabisa.

Swali: Mke wangu anatoka katika ukoo huu. Tuanzie wapi?

Tafuteni kwanza jina la mji alikozaliwa mhamiaji, kisha fungueni tovuti ya Antenati ya hifadhi za nyaraka za Italia, ambayo haitozi ada. Usajili wa raia katika ufalme wa Napoli ulianza mwaka 1809. Kwa miaka ya nyuma mtategemea vitabu vya ubatizo vya parokia. Wanawake watafuteni kwa jina la ukoo wa baba zao, kwa maana hawakulibadilisha walipoolewa.